Skramu, Skramu, Skramu: Kwa Nini Springboks na All Blacks Hawaachani

Shikamooni wazee wetu, hamjambo makocha wenzangu, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni ingieni mkae bana, leo hakuna mazoezi.

Nimeambiwa niongee kuhusu mbinu na upinzani kati ya timu za taifa kwenye raga ya wachezaji 15, na hiyo mada ni kubwa, mtu anaweza kuanza na Uingereza na Scotland akakesha. Mi nitakaa kwa wawili tu, Springboks wa Afrika Kusini na All Blacks wa New Zealand. Nimewachagua hawa kwa sababu kila wikendi tukitazama mechi nasikia maneno yaleyale, kwamba All Blacks ndo wanacheza raga na Springboks wanacheza mabavu, wanajaza mafowadi (wale wanane wa mbele) kwenye benchi, wanapiga mpira juu, wanang'ang'ania skramu (mafowadi wa pande mbili wanafungana wanasukumana kugombea mpira), wanaua mchezo, basi. Hayo mi siyakubali hata kidogo. Ninavyoona mimi, karibu kila mbinu ya Springboks ambayo watu wanaitukana ilizaliwa kwa sababu ya kipigo walichopewa na All Blacks, na ukitaka kuielewa lazima urudi nyuma uone walipigwa wapi na vipi, alafu uone walichoenda kufanya nyumbani.

Turudi nyuma kweli basi, 1937. Springboks wameenda New Zealand, ziara ya meli, mechi za test (mechi rasmi za timu za taifa) tatu. Ya kwanza Wellington wamepoteza, ya pili Christchurch wameshinda, ya tatu ndo ya kuamua, Eden Park mjini Auckland. Kabla ya mechi inafika telegramu kutoka nyumbani kwa Paul Roos, aliyekuwa kapteni wa Springboks wa 1906, maneno matatu tu: skrum, skrum, skrum. Sasa lazima mjue sheria za wakati ule, mpira ukitoka nje kapteni aliruhusiwa kusema hataki lainiauti (mpira unarushwa kutoka pembeni watu wanaurukia), anataka skramu. Na Philip Nel, kapteni wa 1937, akawa anachagua skramu. Kila mpira ukitoka, skramu. New Zealand walikuwa wazuri kwenye lainiauti, wakanyimwa lainiauti, wakapewa kitu ambacho Waafrika Kusini walijua kuwazidi.

Matokeo? 17-6. Na hapa ndo nataka yule anayesema skramu inaua mchezo anisikilize vizuri, Springboks siku ile walifunga trai (kugusa mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) 5 na New Zealand hawakufunga hata moja. Trai tano enzi ambapo trai ilikuwa pointi 3.

Kwa nini skramu ikazaa trai? Hili tusilipite haraka kwa sababu wachezaji wetu wengi hawalielewi, hasa mabeki, wale saba wa nyuma, wao skramu kwao ni muda wa kunywa maji. Skramu inakusanya watu 16, wanane kwa wanane, kwenye kipande cha nyasi ambacho ungekifunika na turubai moja la harusi. Uwanja una upana unaofika mita 70. Wale 16 wamefungana pale, vichwa chini, hawawezi kukimbia kwenda kuzuia kitu mpaka mpira utoke, na kwa sheria za leo mabeki wa pande zote wanatakiwa warudi mita 5 nyuma ya miguu ya mwisho ya skramu. Hesabu mwenyewe nafasi iliyobaki. Hakuna sehemu nyingine ya mchezo ambapo beki anapewa uwanja mtupu namna ile. Na kama skramu yako inasonga mbele ndo kabisa, maana fulanka wao, fowadi wa pembeni ya skramu, hawezi kuchomoka mapema, anasukumwa huku anarudi kinyumenyume, namba 9 wako, yule anayeutoa mpira kwenye skramu, anainua kichwa anaona nusu ya uwanja iko wazi. Mi nimecheza propu, yule wa pembeni kwenye mstari wa mbele wa skramu, na nawaambia, raha ya ile sekunde skramu ya wenzako inapoanza kulegea, unaihisi begani kabla refa hajaiona, hakuna trai inayoifikia.

Sasa rukeni mpaka Oktoba 2023, robo fainali ya Kombe la Dunia, Paris, Springboks na Ufaransa. Damian Willemse, beki wa nyuma kabisa, anadaka mpira wa juu ndani ya eneo lake anaita mark, yaani anapewa frikiki, mkwaju wa bure. Kila mtu duniani anajua hapo unapiga mpira nje upumue. Yeye anaonyesha kwa mikono anataka skramu. Skramu, kwenye mita 22 zake mwenyewe! Watu wakashangaa, lakini ilikuwa ni Paul Roos yuleyule, miaka 86 baadaye: sisi tunajua tunapowazidi basi twende hapohapo. Wakashinda 29-28. Na mwaka 2024 World Rugby, shirikisho la raga duniani, wakabadilisha sheria, mtu akipewa frikiki hawezi tena kuchagua skramu. Kama 1937, ile ruhusa ya kuchagua skramu badala ya lainiauti nayo iliondolewa zamani. Mbinu ikifika mahali mpaka sheria inaandikwa upya, muheshimuni aliyeibuni.

Lakini msidhani New Zealand walikaa tu wakipigwa kwenye skramu. 1949 walienda Afrika Kusini wakapoteza test zote nne, aibu kubwa sana kwa nchi ile. 1956 Springboks wakaenda kwao, na New Zealand walikuwa wameapa. Walipoona mapropu wa Springboks wanawasumbua, kabla ya test ya tatu wakamwita mzee aliyekuwa ameshastaafu, Kevin Skinner, propu, na huyu Skinner aliwahi kuwa bingwa wa ndondi uzito wa juu wa New Zealand. Mnaweza kukisia alichoenda kufanya. Test ya tatu ilikuwa na ngumi, wazee wa huko mpaka leo wanabishana zilikuwa ngapi na nani alianza. New Zealand wakachukua series 3-1, mara ya kwanza kuwafunga Springboks series nzima. Kwa hiyo hata hao All Blacks mnaowaona wanarusha mpira kama mchezo wa watoto pwani, historia yao ina propu bondia ndani yake. Walijifunza kwa Springboks kwamba bila mstari wa mbele hakuna kurusha mpira kokote.

Hapa lazima nisimame kidogo niseme jambo zito, maana siwezi kusimama mbele ya Waafrika nikasifia upinzani huu kama vile ulikuwa safi. Haukuwa. 1928 All Blacks walienda Afrika Kusini wakamwacha nyumbani George Nepia, mmoja wa mabeki bora waliowahi kuvaa ile jezi nyeusi, kwa sababu ni Mmaori, wale wenyeji wa asili wa New Zealand. Waliwaacha Wamaori tena 1949, wakawaacha tena 1960 japo watu wa New Zealand waliandamana wakisema bila Wamaori hakuna ziara. 1970 wakaruhusiwa kwenda, kwa sharti la kuhesabiwa kama Wazungu wa heshima. Fikiria mchezaji wa test anaambiwa hivo. Na muda wote huo watu weusi wa Afrika Kusini, ambao walikuwa na raga yao, klabu zao, hawakuruhusiwa kuwa Springboks. Wengi walikaa kwenye kijisehemu chao cha uwanja wakishangilia All Blacks, na hilo la watu kushangilia adui wa serikali yao lilidumu hata baada ya ubaguzi kuisha.

Na ilitugusa sisi huku, tusisahau. Juni 1976 watoto wa Soweto wanapigwa risasi, na mwezi huohuo All Blacks wanapanda ndege kwenda kucheza na Springboks. Afrika ikasema kama New Zealand wataruhusiwa Olimpiki ya Montreal basi sisi hatushiriki, na zaidi ya nchi 20 zikasusia. Tanzania hawakushiriki, Kenya hawakushiriki, Uganda hawakushiriki. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974, New Zealand kwenyewe, kwa 3:32.16, na aliyemfuata mgongoni siku ile alikuwa John Walker wa New Zealand. Ile mechi ya marudiano ambayo dunia nzima iliingoja haikufanyika. Walker akashinda dhahabu Montreal bila Bayi kuwepo. Mike Boit wetu, mkimbiaji wa mita 800, naye hakukimbia. Kwa hiyo mtu akisema raga ya Springboks na All Blacks haituhusu, mwambie ilishatugharimu medali.

1981 Springboks wakaenda New Zealand na nchi ikagawanyika vipande viwili. Hamilton waandamanaji walivunja uzio wakaingia uwanjani wakashikana mikono katikati, mechi ikafutwa. Test ya mwisho Eden Park kuna ndege ndogo ilikuwa inapita juu inadondosha vifurushi vya unga uwanjani huku mechi inaendelea, propu mmoja wa All Blacks, Gary Knight, unga ukampiga akaanguka. New Zealand wakashinda 25-22 kwa penalti ya Allan Hewson mwishoni kabisa. Mi ile mechi siwezi kuitazama kama raga tu, nikiitazama nawaangalia watu wa nje ya uwanja kuliko walio ndani, na nawashukuru.

Sasa 1995, Ellis Park. Mandela na jezi namba 6 mmeshaona, mmeshasimuliwa, sitarudia. Mi nataka niongelee mbinu ya siku ile kwa sababu watu wanaisahau kabisa. New Zealand walikuwa na Jonah Lomu, miaka 20, karibu kilo 120, anakimbia kama mtu wa mita 100. Nusu fainali ameifunga Uingereza trai 4 peke yake, amemkanyaga Mike Catt akapita. Dunia nzima inajiuliza huyu anazuiwa vipi. Springboks hawakumtafuta mtu mkubwa wa kupambana naye. Walifanya hesabu: Lomu ni hatari akishachukua hatua tano, basi asizipate. Kila alipodaka mpira kulikuwa na mtu ameshafika miguuni, na nyuma yake mwingine, na mwingine. James Small upande wake, Japie Mulder anatokea ndani, na Joost van der Westhuizen, namba 9 jamani, sio fulanka, alimwangusha peke yake kwa takol (kumkaba mwenye mpira mpaka aanguke). Lomu hakufunga kwenye fainali ile, na katika maisha yake yote hakuwahi kufunga trai dhidi ya Springboks. Mechi ikaisha 15-12 baada ya dakika za nyongeza, hakuna trai hata moja, Joel Stransky kafunga pointi zote 15 na ile dropu ya mwisho (mpira unadundishwa chini ndo unapigwa kati ya milingoti), Andrew Mehrtens kafunga zote 12 za upande wa pili.

Shikeni hilo vizuri. Fainali ya 1995, Springboks hawakufunga trai. Fainali ya 2023, timu zilezile, 12-11, Springboks hawakufunga trai. Wamewapiga All Blacks fainali mbili za dunia bila kugusa chini mpira hata mara moja. Kuna watu wanalisema hilo kama aibu. Mimi nalisema kama sifa, kwa sababu timu inayoweza kukunyima unachokitaka kwa dakika 80, ukiwa wewe ni New Zealand, hiyo timu inajua raga.

Kati ya hizo fainali mbili ndo kuna funzo lenyewe. Kwa miaka mingi ugonjwa wa Springboks mbele ya All Blacks ulikuwa mmoja, dakika 20 za mwisho. Unawashika saa nzima, unawapiga, unawasukuma, uko mbele kwa pointi mbili tatu, alafu dakika ya 60 benchi la New Zealand linaingia, mpira unaanza kuruka, mafowadi wako wamechoka hawafiki kwenye raki (rundo la watu wanaogombea mpira ulio chini), dakika ya 80 unaangalia ubao huamini. Nusu fainali ya 2015 Twickenham, mapumzikoni Springboks wanaongoza 12-7, mwisho 20-18 New Zealand. Na hiyo ni siku ambayo walikaribia. 2017 pale Albany walipigwa 57-0. Hamsini na saba bila. Mi nilikuwa na rafiki zangu wawili mashabiki wa Springboks wa kufa na kuzikana, walizima simu.

Rassie Erasmus akachukua timu 2018, na swali lake la kwanza ukiangalia alichofanya lilikuwa hilohilo, dakika 20 za mwisho. Wengine wote walikuwa wanafikiria namna ya kucheza kama New Zealand, mpira mkononi, pasi za kiganja, kukimbia kutoka nyuma. Yeye akaenda kwenye benchi. Kwenye test una wachezaji 23, wanaanza 15, benchi 8. Kawaida ya makocha ilikuwa mafowadi 5 na mabeki 3. Yeye akaweka 6 na 2, na akaweka mle watu ambao kwa timu nyingine wangeanza. Malcolm Marx, huka (yule wa katikati ya mapropu wawili), yuko benchi! RG Snyman yuko benchi! Wachezaji wenyewe wakajiita Bomb Squad. Kombe la 2019 walilichukua hivo, Uingereza 32-12 Yokohama, na Uingereza hiyo ndo iliyokuwa imewatoa All Blacks nusu fainali.

Sasa ukiwa propu dakika ya 50, acheni niwaambie inakuwaje, kwa sababu hii haionekani kwenye TV. Shingo imeshakaza, sikio linawaka, mkono unaoshika jezi ya mwenzako unatetemeka wenyewe, refa anasema inama, unainama, na goti linataka kugusa nyasi kabla hajasema ingia. Kichwani unajua bado skramu tano sita. Alafu mbele yako yule uliyekuwa unapambana naye saa nzima anatoka anapigwa makofi, anaingia Ox Nche, propu wa Springboks, ambaye hajatoka jasho, anatabasamu. Umeshapoteza hapo hata kabla hamjagusana.

2023 wakafika 7 na 1. Mara ya kwanza ilitokea kwa bahati tu, Twickenham Agosti, Willie le Roux akatolewa muda mfupi kabla ya mechi na nafasi yake akaingia Kwagga Smith, fowadi. Springboks 35, All Blacks 7, na hicho kikawa kipigo kikubwa kuliko vyote New Zealand waliyowahi kupata mpaka siku ile. Kwa haki niseme Scott Barrett alipewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, New Zealand wakacheza na watu 14. Lakini Rassie na Jacques Nienaber, kocha mkuu wa wakati ule, waliona kitu.

Kuna wachambuzi walilalamika sana, wengine wakasema si haki, si salama, watu saba wabichi wanagongana na watu waliochoka. Hoja ya usalama ni ya kweli, siidharau, na kama siku moja sheria itapunguza watu wa kubadilisha sitalia. Ila wale waliosema ni woga sikubaliani nao hata robo. Hiyo ni kamari ya kutisha! Una beki mmoja tu nje. Beki wawili wakiumia unamweka fulanka kwenye wingi, nafasi ya beki wa pembeni. Kwenye fainali Faf de Klerk ndo alikuwa namba 9 pekee kwenye kikosi chote cha siku ile, akiumia dakika ya pili Cheslin Kolbe, mtu wa wingi, anaenda kucheza namba 9. Nani mwoga anaweza kupanga timu hivo kwenye fainali ya dunia?

Na fainali yenyewe ikaja ikawajaribu palepale. Tarehe 28 Oktoba, Stade de France, mvua, kwetu huku ilikuwa saa nne usiku. Dakika chache tu Bongi Mbonambi, huka pekee wa kweli waliyebaki naye, anaumia goti anatoka. Malcolm Marx alishaumia mapema kwenye mashindano, na nafasi ya Marx hawakuita huka mwingine, waliita Handré Pollard, mpiga mikwaju. Huka aliyeingia fainali ni Deon Fourie, mtu wa miaka 37 ambaye kwa muda mrefu alishakuwa fulanka. Lainiauti ikaanza kuyumba, mipira ikapotea. Lakini yule Pollard aliyeitwa badala ya huka ndo aliyefunga pointi zote 12. Niambieni kama huo sio upangaji wa mtu aliyefikiria mpaka mwisho.

Upande wa pili, jamani, heshima. Sam Cane, kapteni, anapewa kadi ya njano ikageuzwa nyekundu, wa kwanza kabisa kwenye fainali ya dunia ya wanaume, na All Blacks wakacheza na watu 14 karibu dakika 50. Na wakacheza raga bora kuliko walivyokuwa 15. Aaron Smith anafunga trai inakataliwa kwa sababu mpira uliangushwa mbele kwenye lainiauti kabla. Beauden Barrett anafunga dakika ya 58, trai ya kwanza mtu yeyote kuifunga Springboks kwenye fainali ya dunia, na hiyo ilikuwa fainali yao ya nne. Mkwaju wa Richie Mo'unga baada ya trai, kutoka pembeni, unatoka nje. Ungeingia ni 13-12. Penalti ya Jordie Barrett kutoka mbali karibu na nusu ya uwanja, inatoka nje. Pieter-Steph du Toit kapiga takol 28, ishirini na nane, nyingi juu ya huyohuyo Jordie Barrett. Kolbe yuko kwenye kiti cha kadi ya njano dakika za mwisho kajifunika uso na jezi hawezi kutazama. Pointi moja. Robo fainali pointi moja, nusu fainali pointi moja dhidi ya Uingereza 16-15, fainali pointi moja. Watu wanasema bahati. Bahati mara moja sawa, mara mbili tuseme, mara ya tatu mi nataka kujua ni nani alikuwa mbichi dakika ya 75, na ukiangalia utakuta ni walewale wa benchi.

Ila kitu kinachonifurahisha kuliko vyote ni kilichofuata, na hiki wale wa raga ya mabavu hawakitaji kabisa. Umeshinda kombe mara mbili mfululizo, unafanya nini? Rassie 2024 akaenda kumwajiri Tony Brown aje kufundisha mashambulizi. Tony Brown ni mtu wa New Zealand, alicheza namba 10 All Blacks. Yaani umewapiga watu fainali alafu unaenda kwao unaomba wakufundishe kurusha mpira. Agosti 2024 Ellis Park, New Zealand wanaongoza 27-17 zimebaki dakika kama kumi na kidogo, ile hali ambayo miaka yote ilikuwa ya All Blacks kumalizia. Kwagga Smith anafunga, Grant Williams anafunga, 31-27. Wiki iliyofuata Cape Town 18-12. Dakika 20 za mwisho zimepata mwenyewe mpya.

Na Septemba 2025 wiki mbili zikaonyesha kila kitu. Eden Park, uwanja ambao All Blacks hawajafungwa tangu Ufaransa 1994, New Zealand wakashinda 24-17, na Springboks bado hawajashinda pale tangu siku ya ile telegramu ya 1937. Watu wakaanza, ah wazee wameisha. Wiki moja baadaye Wellington, mapumzikoni New Zealand wanaongoza 10-7, mwisho Springboks 43-10. Pointi 36 bila jibu kipindi cha pili, kipigo kikubwa kuliko vyote kwenye historia ya All Blacks. Na safari hii haikuwa mikwaju ya penalti, zilikuwa trai, mpira unazunguka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mafowadi wanapasiana kama mabeki. Hiyo ni Springboks wakicheza kitu walichojifunza kwa adui, juu ya skramu ambayo adui hakuwahi kuipata kikamilifu.

Sasa makocha wenzangu, nakuja kwetu, kifupi. Nimeona klabu zetu zinaiga 6 na 2 kwa sababu wameiona kwenye TV, wana mapropu watatu tu wilaya nzima na wa tatu alikuwa anacheza kipa wa mpira wa miguu mwezi uliopita, alafu dakika ya 55 wanafanya mabadiliko skramu inakuwa mbovu kuliko ilivyokuwa. Hapana. Rassie alipata 6 na 2 kwa sababu aliangalia mechi zake akaona wanakufa wapi. Wewe timu yako inakufa wapi? Wengi wetu huku tunakufa kwenye mipira ya juu na takol za dakika za kwanza baada ya mapumziko, wala sio mwisho. Kaa na video, hata ya simu, andika dakika za kila trai uliyofungwa msimu mzima, alafu ndo upange benchi. Kenya kwenye raga ya saba kila upande tulishawafunga Fiji 30-7 fainali ya Singapore 2016, kasi tunayo, lakini kwenye 15 hatujawahi kufika Kombe la Dunia, na Zimbabwe wamefuzu la 2027 kwa kuwafunga Namibia 30-28 pale Kampala. Pointi mbili. Simba, timu yetu ya taifa ya Kenya, na Rugby Cranes wa Uganda wakikutana kwenye Elgon Cup tunapigana kama mabondia, sawa, lakini nataka tuanze kuibiana, Waganda wana kitu kwenye kuukimbiza mpira mguu kwa mguu ambacho sisi hatuna, na mi sioni aibu kumwalika kocha wao aje hapa.

La mwisho alafu mniulize maswali. Ratiba ya 2026 All Blacks wanaenda Afrika Kusini ziara ndefu ya mtindo wa zamani, wanacheza na klabu za huko na test tatu hukohuko, Ellis Park, Cape Town na Soweto, alafu ya nne Baltimore, Marekani. Mtakaotazama, dakika ya 45 acheni kuangalia mpira, angalieni benchi la New Zealand, maana nadhani safari hii wao ndo watakuja na mafowadi sita, na nikikosea mtanipigia simu. Haya, nani anaanza, naona mzee hapo mbele kashanyoosha mkono tangu nilipotaja 1981.